Mizunguko 21

Simu iliita saa 7 usiku. Mwenzetu wa zamu kwenye nyumba ya pampu alisema kwamba maji katika tangi la juu yalikuwa yakishuka sentimita 20 kila saa, ilhali muda huo mji huwa umelala na tangi lilitakiwa liwe linajaa. Katika mji mdogo wenye mabomba ya zamani, taarifa ya namna hiyo ina maana moja tu: mahali fulani chini ya ardhi bomba kuu limepasuka.

Nilikuwa sijatimiza mwaka tangu nitoke chuoni. Kiongozi wa kikosi cha dharura alikuwa fundi ambaye sote tulimwita Mzee, mtu wa maneno machache aliyekuwa amefanya kazi chini ya barabara hizo kwa zaidi ya miaka 30, na mimi ndiye niliyebeba ramani. Nalitaja hili mapema kwa sababu kati ya makosa ya usiku ule, moja lilikuwa la ramani na jingine langu.

Maji tuliyakuta yakibubujika kando ya barabara, chini ya mteremko, na tayari nilikuwa nimemwonyesha dereva wa mtambo mahali pa kuchimba, Mzee aliponizuia. Maji ya bomba lililopasuka si lazima yapande juu moja kwa moja. Hufuata njia nyepesi, na mara nyingi njia hiyo ni mchanga uliofukiwa kulizunguka bomba lenyewe, hivyo huweza kusafiri makumi ya mita kabla ya kuonekana. Mzee alichukua fimbo yake ya chuma, akaisimamisha juu ya koki ya zimamoto, akaegemeza sikio kwenye ncha ya juu, akasikiliza, kisha akahamia kwenye valvu iliyofuata na kufanya vivyo hivyo. Aliponipa fimbo nilisikia mlio mwembamba usiokatika, kama wa mvuke unaojipenyeza kwenye mfuniko. Mita 35 juu ya mteremko mlio huo ulikuwa mkali kuliko kwingine kote.

Kabla ya kuchimba ilibidi tupunguze maji, na sehemu hiyo ya bomba, kwa mujibu wa ramani, ilizingirwa na valvu tatu. Mbili za kwanza zilikubali ufunguo mrefu wa T bila ubishi mwingi, na Mzee alihesabu kwa sauti kila mzunguko hadi 21, ambayo ndiyo idadi ya kawaida ya valvu zetu za bomba la milimita 150. Kuhesabu huko si mazoea tu. Valvu ikigoma kwenye mzunguko wa 14, fundi anajua kwamba haijafunga, pengine kwa sababu kutu na mchanga vimejikusanya chini ya ulimi wake, yaani kipande kinachoshuka kuziba maji. Ya pili aliirudisha nyuma mizunguko miwili, ili maji kidogo yaendelee kulisukuma tope nje ya bomba hadi shimo lifike chini ya bomba lenyewe. Bomba likikosa msukumo kabisa wakati limezama katika maji machafu, uchafu huingia kupitia ufa uleule ambao maji yalikuwa yakitokea.

Valvu ya tatu iligoma kabisa. Ramani ilisema inafungwa kwa kuzungusha kulia, kama nyingine zote, nami nikaizungusha kulia, ikakwama hata kabla ya robo mzunguko. Nilikwenda garini kutafuta kipande cha bomba cha kurefusha mkono wa ufunguo ili niongeze nguvu. Mzee aliniambia nikiweke chini. "Zungusha kushoto, kijana," akasema. Nikazungusha kushoto, ikaenda kwa ulaini hadi mzunguko wa 21. Ilikuwa wazi tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nikiilazimisha ifunguke zaidi. Laiti ningeongeza nguvu, huenda ningekata shina lake, na hapo tungelazimika kuufungia maji nusu ya mji. Katika mifumo ya zamani, iliyojengwa kwa vipande na watu tofauti katika miaka tofauti, valvu za kulia na za kushoto hukutana kwenye mtaa mmoja, na jambo hilo halionekani kwa macho.

Bomba tulilifikia kwenye kina cha mita 1.4, shimo likiwa limeegemezwa mbao pande zote mbili, kwani udongo ulioloa hauaminiki na mita moja ya ujazo wake ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Lilikuwa bomba la chuma cha kumimina, aina ngumu ambayo haipindi bali huvunjika, na ufa ulikuwa umelizunguka kama pete. Ufa wa pete ni dalili ya bomba lililopindishwa: udongo wa mfinyanzi hunywea wakati wa ukame na kuvimba unapolowa, na bomba hubebeshwa mzigo kama boriti iliyopoteza nguzo ya katikati. Lakini kilichonishangaza hakikuwa ufa. Mzee alitoa kisu cha mfukoni, akakwangua ubavu wa bomba, na chuma kikatoka kwa maganda meusi, laini, yanayoacha alama kidoleni kama ncha ya penseli. Chuma chenyewe kilikuwa kimeyeyuka taratibu ndani ya udongo kwa miongo mingi, ikabaki grafiti na kutu vilivyoshikilia umbo la bomba bila nguvu yake. Kwa macho ungesema bomba ni zima.

Tulilisugua hadi tukapata chuma kigumu pande zote za ufa, tukapaka dawa ya klorini kwenye bomba na kwenye mpira wa klampu, yaani mkanda wa kulizunguka bomba na kuubana ufa, tukaifunga klampu ya chuma cha pua na kukaza nati kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule. Ilikuwa saa 10 alfajiri.

Hapo ndipo lilipokuja kosa langu. Chuoni nilikuwa nimejibu swali la mtihani kuhusu kishindo cha maji, nikaeleza jinsi mwanasayansi Mrusi Nikolai Joukowsky alivyolichunguza jambo hilo kwa majaribio ya mabomba mjini Moscow na kuchapisha matokeo mwaka 1898. Nilijua kwamba maji yanayotembea mita 1 kwa sekunde ndani ya bomba la chuma, yakisimamishwa ghafla, huweza kurusha presha kwa zaidi ya bar 10, ilhali bomba letu lilizoea bar 4. Yote hayo niliyajua, na bado nilipotumwa kufungua valvu ya juu nilizungusha haraka kwa sababu nilikuwa nimelowa na nilitaka kulala. Koki ya zimamoto ilikuwa wazi kwenye sehemu ya juu ili kutoa hewa. Ilitema hewa kwa mlio mkubwa, maji yakiifukuza kwa kasi, na hewa ilipokwisha maji yakagonga mwisho wa njia. Nilihisi mtikisiko kwenye nyayo kabla ya kusikia chochote. Mita 60 kutoka kwenye klampu yetu, lami ilipasuka na maji yakatoka.

Mzee hakunigombeza, na nakiri kwamba ningependelea anigombeze. Alifunga valvu akihesabu, kisha akasogeza mbao kwenda kwenye shimo jipya.

Klampu ya pili tuliikaza saa 3 asubuhi, wenye nyumba wakiwa wamesimama na ndoo tupu wakituangalia. Safari hii nilifungua valvu robo mzunguko, nikangoja, nikaongeza robo nyingine. Hewa ikatoka kama pumzi ya mtu aliyelala, kisha yakaja maji ya rangi ya kutu, kisha meupe. Tuliyaacha yatiririke mpaka kipimo kilipoonyesha klorini ya kutosha. Kufikia mzunguko wa 21 nilikuwa nimetumia dakika 40.

Garini nilifungua ramani na kuandika kwa penseli, kando ya valvu ya tatu, kwamba inafungwa kushoto. Mzee aliisoma, akaichukua penseli mkononi mwangu, akaweka alama kwenye valvu nyingine nne za mitaa ya jirani.