Oili inavuja Kampala, fundi wangu yuko Gerezani, Dar

Shilingi 850,000 za Uganda. Ndiyo bei niliyotajiwa wiki iliyopita kwenye gereji moja hapa Kampala kwa sababu ya oili inayodondoka chini ya Toyota Spacio yangu. Fundi aliinama, akamulika kwa simu, akaona unyevu pale injini inapoungana na giaboksi, akainuka na hukumu yake: sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili isitoke mwisho wa injini, imekufa, lazima giaboksi ishushwe. Nilipomuuliza kama amehakikisha oili haitokei juu, akanijibu, "Nnyabo," yaani mama kwa Kiganda, "mlete mzee tuongee naye." Mzee yupi? Gari nimenunua mimi, petroli natia mimi, na kodi ya nyumba Kansanga nalipa mimi.

Watu wa Dar watanielewa. Kwa hela hiyo, kwenye gereji za mtaa wa Gerezani fundi angeshusha injini nzima, akaipandisha, na chenji ungerudi nayo.

Pesa iliniuma, lakini yale maneno yaliniuma zaidi. Mimi hapa nimeletwa na Kiswahili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na walimu kutoka kwetu Tanzania tukaanza kuulizwa-ulizwa. Darasani naitwa mwalimu kwa heshima zote, wazazi wananisalimu kwa kupiga magoti. Nikitoka getini nikafungua mdomo kwenye biashara yoyote, lafudhi ileile inapandisha bei.

Nyumbani nilikuwa na fundi. Ndiye aliyetengeneza gari la marehemu baba, na alijua kwamba akinidanganya leo, kesho atakutana na mama yangu msibani na hatakuwa na pa kuweka uso. Mtu wa namna hiyo hapakiwi kwenye basi la kuvuka mpaka wa Mutukula. Ninyi mnaonitumia ujumbe kila siku mkiuliza kodi ya chumba na bei ya unga, ulizeni na hili: gari likiharibika, nani atakuonea haya? Usipokuwa na mtu huyo, inabidi uijue injini yako mwenyewe, walau kiasi cha kukataa.

Basi niliamua kuanza na kuitafuta oili inapotokea, kabla ya kuamua nani atengeneze. Oili hushuka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo tone unaloliona chini huenda limeanzia juu kabisa. Rangi nayo inasema: kahawia au nyeusi ni oili ya injini, nyekundu mara nyingi ni ya giaboksi ya otomatiki, na maji matupu chini ya upande wa abiria ni AC tu. Yangu ilikuwa nyeusi. Injini ikiwa imepoa, nilifunga alternata na koili za plagi kwa mifuko ya nailoni, nikasafisha uchafu wote, nikaacha ikauke. Halafu nikapaka poda ya mtoto kuzunguka kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, na kushuka upande wa giaboksi, nikawasha injini na kuiacha ingurume bila kuondoka. Baada ya muda ule weupe ukapata mstari mweusi, mwembamba, unaoanzia kwenye kona ya kava na kuteremka moja kwa moja hadi pale fundi alipomulika simu yake. Sili ya nyuma ilisingiziwa.

Gasketi ya kava ni mpira, na mpira ukipikwa na joto miaka mingi unakuwa mgumu. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza Uganda magari yenye miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe, lakini yaliyokwisha kuingia bado tunayaendesha, na langu ni mojawapo.

Je, nifanye mwenyewe? Kava iko juu, boliti zake ni za spana namba 10, na hakuna haja ya kuingia chini ya gari. Hilo naliweza. Ingekuwa kweli sili ya nyuma, au sili ya mbele iliyo nyuma ya puli, ningelipa, tena bila ubishi, kwa fundi mwenye shimo na vifaa. Na kama ni lazima uingie chini, usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Mtu mwenye familia inayomtegemea asifanye hivyo kwa ajili ya kuokoa pesa. Pia oili ikidondokea kwenye ekzosi ya moto, usisubiri mwisho wa mwezi. Hiyo inaweza kuwasha moto.

Gasketi niliifuata Kisekka, soko la spea hapa Kampala, nikiwa nimeshajiandaa kugombana. Nikakutana na mzee mmoja muuza spea ambaye zamani aliendesha malori ya Dar, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanafunzi wangu wote. Akatoa gasketi mbili, akazikunja mbele yangu. Moja ikarudi ilivyokuwa, nyingine ikabaki na kovu. "Hii ya pili ni ya bei rahisi, lakini utarudi kwangu umenuna." Akanitajia 45,000 kwa ile nzuri, akaniambia ninunue na silikoni kidogo ya kuweka kwenye kona tu, pale kava inapopita juu ya kiungo cha chuma. Na akaniuliza kama PCV, vali inayopunguza presha ndani ya injini, imewahi kusafishwa, kwa sababu ikiziba, presha ndani ya injini itasukuma oili nje hata gasketi ikiwa mpya. "Mama, hii unaiweza. Usikaze kwa hasira. Anzia katikati, nenda nje, kidogo kidogo." Hakuuliza habari za mume. Nilikaribia kulia pale dukani.

Jumapili nikafanya. Kazi ngumu ilikuwa klipu za koili, plastiki yake imekauka na inavunjika ukiiharakisha. Nikakwangua mabaki ya gasketi ya zamani, nikakaza kama alivyosema, nikaiacha silikoni ishike hadi kesho yake ndipo nikawasha. Nimepaka poda tena, na mpaka sasa ni nyeupe tupu. Naendelea kupima oili kila asubuhi kabla ya kuondoka.

Dada zangu mnaokuja huku kusoma au kufundisha: mkinunua gari, nunueni na spana za soketi. Mliopo Kampala tayari, seti yangu pamoja na kirefusho chake ipo Kansanga. Anayeihitaji aje aazime, na nikiwa na nafasi nitamshikia tochi.