Paji la Mina

Desemba ile nilikwenda likizo kwa bibi nikiwa na Dracula kwenye begi. Chuoni tulipewa kazi ya kuandika kuhusu alama za dini katika riwaya hiyo ya Bram Stoker ya mwaka 1897 kuhusu Dracula, mfu anayenyonya damu za watu, nami nilishajaza daftari: msalaba, hostia (mkate wa Komunyo), damu. Pembeni ya damu niliandika Kumbukumbu la Torati 12:23, maana Renfield, yule mgonjwa wa akili, anapopiga kelele kwamba damu ndiyo uhai, anatamka maneno ya aya ileile inayokataza damu isiliwe.

Jioni umeme ukakatika. Bibi akawasha chemli, akavuta ungo, akaanza kupukuchua mahindi.

"Nisomee hicho kitabu chako."

Nikawa nasoma Kiingereza kimoyomoyo, namsimulia kwa Kiswahili. Nikafika pale daktari Van Helsing anapomgusisha Mina, mwanamke aliyeshambuliwa na Dracula, hostia kwenye paji la uso ili kumkinga, nayo ikamuunguza kama chuma cha moto. Mina anaanguka, anajifunika uso kwa nywele zake, analia: "Najisi! Najisi!"

Punje zikaacha kudondoka.

"Hiyo ni Walawi," bibi akasema. "Kumi na tatu. Ndivyo mwenye ukoma alivyoamriwa apige kelele."

Mimi daftarini nilikuwa nimeandika: alama ya Kaini. Nikamsomea.

"Kaini alimuua ndugu yake. Huyu mama kaua nani?"

"Hajaua, bibi. Dracula alimnywesha damu yake kwa nguvu."

Akanyamaza kitambo. Kisha, kwa mara ya kwanza, akanieleza habari za dada yake, aliyejengewa kibanda ng'ambo ya migomba vidole vilipoanza kukatika. Bibi, mtoto bado, ndiye aliyempelekea chakula. Alikiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma mpaka kwenye mfereji, ndipo dada atoke kukichukua. Siku nyingine walikaa hivyo, kila mmoja upande wake, wakiimba.

"Na hiyo alama," akauliza, "inatoka?"

Nikafunua kurasa za mwisho. Jua linazama Transylvania, Dracula anageuka vumbi, na Quincey Morris, mmoja wa waliomwinda, anayekata roho kwa jeraha, anamwonyesha Mina kwa kidole: hata theluji haina weupe wa paji lile, laana imeondoka.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Kitabuni wanaume wanapiga magoti, wanaitikia Amina. Bibi aliitikia kabla sijawafikia.