MGB ilivyoacha kukohoa nikikanyaga mafuta

MGB yangu ya 1972, gari dogo la michezo la Kiingereza, ilikuwa ikiwaka vizuri na kutulia kwenye taa za barabarani, lakini nikikanyaga mafuta ghafla inakohoa, inakosa nguvu kidogo, ndipo inachomoka. Kwenye barabara nyembamba za mashambani Uingereza, kupita gari lingine kwa hali hiyo ni hatari.

Plagi, pointi na taimingi, yaani mambo ya cheche, vilikuwa sawa. Nikageukia kabureta zake mbili za aina ya SU, zinazochanganya hewa na petroli. Juu ya kila moja kuna kifuniko cheusi chenye kijiti kinachozama kwenye oili ndani ya shina la pistoni ya kabureta (si pistoni ya injini). Nilipovifungua, kijiti kimoja kilitoka kikavu kabisa, cha pili kina oili nchani tu.

Oili ile ina kazi kubwa. Ukikanyaga ghafla, inaizuia pistoni isipande upesi mno, hivyo hewa inavuta petroli zaidi kwa muda huo mfupi. Oili ikiisha, pistoni inaruka juu, hewa inaizidi petroli, na injini inakohoa.

Kabla ya kujaza nilitoa eakilina (kichujio cha hewa), nikainua kila pistoni kwa kidole na kuiachia. Zilishuka bila kukwaruza, zikagonga chini “tak”. Ingekwama hata moja, ningeisafisha kwanza. Kisha nikamimina oili ya injini ya 20W/50 polepole hadi milimita 13 hivi juu ya ncha ya juu ya shina.

Kikohozi kiliisha siku hiyo hiyo. Tafadhali, fungua vifuniko hivyo kabla hujanunua kipuri chochote. Mimi sasa navikagua kila nikibadilisha oili ya injini.