Swali la Nne

Swali la nne kwenye hojaji lilikuwa fupi kuliko yote: Unajua kusoma na kuandika? Ndiyo, Hapana. Nililitunga mimi, tena nikajiona hodari.

Ilikuwa Pangani, 1996, likizo ya mwaka wangu wa pili chuo kikuu. Mwalimu wangu alikuwa akitafiti historia ya magazeti ya Kiswahili. Alitaka kujua ni nani hasa walioyasoma, tangu Kiongozi lililochapwa Tanga enzi za Mjerumani hadi Mambo Leo la serikali ya Mwingereza, lililoanza Januari 1923. Magazeti yenyewe tulikwishayapekua maktaba, vumbi likatukoma. Walibaki wazee.

Bibi yule nilimkuta barazani anapeta mchele. Shikamoo, marahaba, mtoto wa nani, umekula? Ndipo zikaja karatasi zangu.

"Kusoma sijui, mwanangu. Hata kwenye kisomo cha watu wazima waliniandika sijui."

Nikatia alama kwenye Hapana.

Mambo Leo alilikumbuka vizuri. Mumewe alikuwa akilisoma kwa sauti jioni, wanaume wamejaa barazani, yeye kajibanza nyuma ya mlango. Alipenda mashairi. Mume alipokwenda Pemba msimu wa karafuu, gazeti likakoma kusomwa.

"Na habari zake ulizipataje?"

"Si akiniandikia? Nami namjibu."

"Nani alikuwa akikuandikia?"

"Nani tena? Mkono wangu huu."

Akaingia ndani, akarudi na bahasha iliyofungwa kwa kipande cha kanga. Barua kumi na kitu, herufi za Kiarabu, maneno Kiswahili kitupu. Chuoni, chuo cha Kurani, nilisoma utotoni, juzuu kadhaa, basi nikajitia kusoma: "Niletee baba ratili mbili."

Bibi akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Pamba, mwanangu! Pamba ya mito! Baba wa ratili mbili nitamfanyia nini?"

Kiarabu hakina p, na waandishi wa zamani mara nyingi hawakuiandika m iliyotangulia b. Pamba na baba vikaja sura moja. Msomaji hujaza mwenyewe kwa kuijua lugha. Utendi wa Tambuka, shairi refu la kale lenye nakala ya 1728, uliandikwa kwa herufi hizo hizo. Haya yote nilikuwa nayo kichwani. Nilikwishayajibia mtihani.

"Mbona ulisema hujui kusoma?"

"Hizi za chuoni. Nyie watu wa makaratasi siku zote mnauliza za skuli."

Jioni nikamsimulia Mwalimu. Akaichukua fomu, akaitazama mbele na nyuma, kisha akaniuliza tuna Hapana ngapi. Tukahesabu: thelathini na moja. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba kesho tunarudi nyumba zote, na kwamba swali la nne tulifute.

Asubuhi nilianza kwa mzee mmoja fundi wa majahazi. Juzi yake alinijibu Hapana bila hata kuinua macho kwenye tezo. Safari hii aliniona tangu mbali, akaweka tezo chini, akatoa daftari lililojaa mafuta ya sifa ya papa: majina ya wateja, mbao, madeni, yote kwa herufi za Kiarabu.

"Nimesikia kwa Bibi unatafuta za chuoni," alisema. "Si ungesema?"