Jibu lisiloondoka kwenye kumbukumbu

Juzi nilikesha na programu ya Python ya chama chetu cha kuweka na kukopa. Klasi ya Mwanachama, yaani kiolezo cha kila mwanachama, ina methodi (kazi yake) riba_ya_mwaka() inayopitia miamala yote ya mtu, na ripoti moja ilikuwa ikiiita mara 10 kwa kila mwanachama. Jibu lile lile, kazi ile ile upya. Nikaweka juu yake @lru_cache(maxsize=None), zana ya Python inayohifadhi majibu, hapa bila kikomo, na ripoti ikatoka kabla sijamaliza kumimina chai.

Kufika jioni, kumbukumbu ya seva inapanda tu, haishuki. Sababu niliipata usiku: kache ile, yaani hifadhi ya majibu, hukaa kwenye klasi, si kwenye objekti (mwanachama mmoja mmoja), na self, yaani objekti yenyewe, ni sehemu ya ufunguo wa kutafutia jibu. Kila Mwanachama aliyewahi kuulizwa riba anashikiliwa humo, hata programu ikiwa imeshamalizana naye. Ukibaki na kikomo cha kawaida, majibu 128, angalau wa zamani hutolewa.

Nimehamia cached_property, iliyokuja na Python 3.8 mwaka 2019. Jibu huandikwa ndani ya objekti yenyewe. Ikiondoka, linaondoka nayo. Haipokei vigezo, nami sikuwa navyo.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Mtu akiweka pesa, riba ya zamani bado imekaa pale pale. Na hizi ni hela za mama zetu wa sokoni! Sasa weka_akiba(), methodi ya kuweka pesa, haimalizi kazi bila self.__dict__.pop("riba_ya_mwaka", None), inayofuta jibu la zamani, na jaribio la kuthibitisha hilo nimeliandika jana.