Sauti Sina, Fizikia Ninayo

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba wataka kazi ya redio, atakutaka useme neno asikie sauti yako. Yangu ni ya kufukuzia mbuzi, na bado nakula kwa redio na televisheni. Mtangazaji akisema hewani "nyuma ya mitambo yupo fundi wangu," basi ndiye mimi.

Kidato cha pili, wakati wa kuchagua masomo, kila mtu kuanzia mwalimu hadi ami aliniambia mamoja: wacha fizikia, shika historia na dini, utangazaji ni ulimi. Kwa mtangazaji, sawa. Kwa anayeshika kebo na antena, huo ni ushauri wa kumpotosha mtoto. Nilishika fizikia, kemia na kompyuta juu ya zile za lazima: Kiswahili, Kiingereza na hisabati. Walio Gredi ya 10 siku hizi waingie mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, waulize kama shule ina somo la umeme au teknolojia ya media, maana si kila shule inayo.

Mawimbi yale ya darasani ndiyo antena. Gawa 300 kwa megahezi, upate urefu wa wimbi kwa mita. FM 100 ni mita 3, nusu yake mita 1.5, punguza kama asilimia 5, ukate dipoli, antena ya fimbo mbili, ya sentimita 142 hivi. Logi za hisabati nazo ndizo desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi na sauti: ukiongeza nguvu ya transmita, mtambo wa kurusha matangazo, maradufu umepata desibeli 3 tu, usitarajie miujiza. Na hesabu za kawaida zitakuokoa aibu. Kamera inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde hula gigabaiti 22.5 kwa saa, kwa hivyo kadi ya gigabaiti 64 haifikishi saa tatu. Kwa harusi ya Kipwani, saa tatu bibi harusi hajatoka ndani.

Kemia niliiona mzigo mpaka nilipofungua plagi za maikrofoni zilizokaa karibu na bahari. Chumvi ya hewani hugeuza shaba kijani, sauti ikaanza kukatika na kukwaruza. Pangusa pini kwa spiriti, ziache zikauke kabisa, kebo zihifadhi kwenye kasha linalofunga.

Pa kujilaumu ni kwenye kozi. Nililipa elfu thelathini na kitu kwa cheti cha miezi sita katika chuo kimoja chenye bango kubwa. Kamera moja, wanafunzi thelathini, na muda mwingi tukisoma taarifa mbele ya kioo. Kabla hujatoa pesa, uliza mwanafunzi hushika mtambo saa ngapi kwa wiki, na mtambo ukiharibika nani huutengeneza. Wakijibu "huwa tunaita fundi", ondoka. Fundi ndiye unayetaka kuwa. Baadaye nilichukua diploma ya umeme na elektroniki pale Tudor, TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Mombasa. Anayetaka zaidi kamera na uhariri aangalie pia KIMC, Nairobi, chuo cha serikali cha mawasiliano kilichoanza 1961.

Sasa ngoja nikueleze mvumo. Tulikuwa atachi, yaani mafunzo ya kazini, tunarekodi maulidi Mji wa Kale. Mikseri, mtambo wa kuchanganya sauti, ilipata umeme msikitini, laptopu nyumba ya jirani. Spika zikawa zinavuma mmmm, kasida haisikiki. Fundi mkubwa akaniamrisha nikate waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, kwenye plagi ya mikseri. Nikakata. Mvumo ukaisha, nikavimba kichwa, mpaka nikagusa mikseri kwa mkono wa jasho ikaniuma. Usikate ethi hata siku moja!

Dawa yake ni hii. Chomoa chaja ya laptopu, itumie kwa betri. Mvumo ukiisha, ethi mbili zimepishana volti, na mkondo wa hezi 50 unapita kwenye wavu wa waya uliozungushiwa ndani ya kebo ya sauti. Basi leta ekstensheni, kila kitu kipate umeme wa soketi moja. Isipowezekana, tengeneza kebo ya XLR, ile ya maikrofoni yenye plagi ya pini tatu, yenye pini 2 na 3 zilizoungwa kama kawaida, ila pini 1 umeiachia upande mmoja, na uizungushie utepe mwekundu. Utepe si urembo: ukiitumia kwa maikrofoni inayotaka volti 48 kutoka kwa mikseri, maikrofoni itakuwa bubu, kwa kuwa umeme wake hurudia pini 1.

Kebo ile ninayo mkobani. Wenzangu wakiazima hawarudishi, kwa hivyo sasa huziunga nne nne.