Dumu la maji ndo lilituokoa kwenye biashara ya chupa

Mie nakaa Kigogo, Dar es Salaam, huku chini karibu na mto Msimbazi, masika yakianza tu mtaro wetu ulikuwa unaziba kwa chupa za maji hadi maji yanaingia ndani. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku 1 Juni 2019 na kweli ilipungua ila chupa zipo palepale, na chupa ikishakwama kwenye kalavati inashika matambara, matope, pampasi, sitaki hata kusimulia.

Tulianza na usafi wa Jumamosi. Tunazoa, tunapiga picha, Jumatano mtaro umejaa tena. Nilichoka aisee.

Sasa kuna kijana muokota makopo alikuwa ananunua maandazi kwangu, siku hiyo akaniambia mama mnatupa hela hizo. Tukakusanyana wamama saba, mwenyekiti wa mtaa akatupa kakona nyuma ya ofisi, viroba tukaomba madukani, mtu akileta chupa tunaandika kwenye daftari, mnunuzi akija anapima tunagawana.

Mzigo wa kwanza jamaa kapima na mizani yake, kilo zikatoka kiduchu mpaka watu wakanigeukia mimi, eti mama maandazi kala chake mapema. Iliniuma jamani. Usiku nikawaza, si lita moja ya maji ni kilo moja? Safari ya pili nikamsubiri na dumu la lita 20 limejaa mpaka shingoni, nikamwambia kaka kabla ya viroba nipimie hili kwanza. Likasoma 15! Na hapo dumu lenyewe lina uzito wake. Akaanza kuchekacheka, "springi imechoka mama". Tukachanga tukanunua mizani yetu ya ndoano, na kila siku ya kupima tunaanza na dumu, watu wote wakiangalia.

Ila na sisi sio malaika, kuna jirani alikuwa anatia mchanga kwenye chupa anafunga kizibo vizuri kabisa. Ndo ikawa sheria, kizibo kitoke chupa ikanyagwe mbele ya mpimaji. Kumbe hata vizibo ni plastiki nyingine, ukiviweka kwenye maji vinaelea wakati chupa ukiikata vipande inazama, kwahiyo vina ndoo yake na bei yake. Chupa za rangi nazo pembeni, ukizichanganya na nyeupe mnunuzi anakushushia bei mzigo mzima.

Mtaro siku hizi unapitisha maji, japo mto wenyewe ukifurika hatuna ujanja, zinakuja taka za huko juu Vingunguti na Tabata. Kinachonishinda mpaka leo ni vile vifuko vya karanga na ubuyu, hakuna anayevitaka, nina viroba vinne vimejaa nyuma ya choo, anayejua pa kuvipeleka aniambie mana mume wangu kaanza kulalamika.